Mzee wako anapoanza kupoteza uwezo wa kuona: hatua za kufuata kuanzia nyumbani hadi hospitali

Katika familia nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye ungo wa mchele. Mama ambaye miaka yote alichambua huku akiongea na wageni, bila kuacha hata chuya moja, anaanza kuacha vijiwe. Mtu anang'ata jiwe mezani, na waliopo wanatazamana bila kusema neno. Baada ya miezi michache anamimina chai ikapita ukingo wa kikombe, anapapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kushuka, na ukimwamkia anasubiri useme neno la pili ndipo akutambue. Akiulizwa anajibu kwamba ni uzee tu, nasi watoto wake tunalipokea jibu hilo upesi mno, kwa sababu halitudai nauli wala siku ya kazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watoto na wajukuu wa mzee huyo. Jambo ninaloomba lishikwe tangu mwanzo ni kwamba uzee peke yake haumpofushi mtu. Mzee anayepoteza nuru ya macho ana tatizo lenye jina, na jina hilo ndilo linaloamua kama anaweza kurudishiwa kuona, kama kilichobaki kinaweza kulindwa, au kama muda wa kumwokoa ni wa saa chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona karibu au mbali, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao bilioni moja wamekaa majumbani wakiambiwa, au wakijiambia wenyewe, kwamba ni uzee.

Kwanza, tenga mabadiliko ya kawaida

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na mtu huanza kusogeza simu au gazeti mbali ili asome. Hali hiyo humpata karibu kila mtu na hutatuliwa kwa miwani ya kusomea. Vilevile, pete ya kijivu inayozunguka pembeni mwa sehemu nyeusi ya jicho la mzee mara nyingi haina madhara kwa kuona kwake, ingawa majirani huiita mtoto wa jicho.

Upo hata hivyo mtego mmoja ambao umewachelewesha wengi. Bibi aliyetegemea miwani ya kusomea kwa miaka ishirini anaamka siku moja anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na nyumba nzima inamshukuru Mungu kwa muujiza. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba kiini cha lenzi kimeanza kuwa kigumu na kubadili jinsi kinavyopinda mwanga, yaani mtoto wa jicho ameanza, na uwezo huo wa kuona karibu utafifia tena huku wa kuona mbali ukiwa tayari umeharibika. Furahini, lakini mpelekeni akapimwe.

Hatua ya 1: Pima kila jicho peke yake

Macho mawili husaidiana, hivyo jicho moja linaweza kupofuka kabisa na mwenyewe asijue mpaka siku atakapoingiwa na vumbi kwenye lile zima na kulifumba. Kwa sababu hiyo, kipimo cha nyumbani lazima kifanywe kwa jicho moja moja.

Mketishe mzee mahali penye mwanga wa mchana, akiwa amevaa miwani yake ya kawaida kama anayo, mita 3 kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Mwombe afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kwa kuwa kulikandamiza kutalifanya lione ukungu litakapofunuliwa, kisha akusomee tarakimu au akuhesabie vidole unavyomwonyesha. Rudia kwa jicho la pili. Andika tarehe na alichoweza kuona, kwa sababu kumbukumbu ya aina hii itamsaidia daktari kujua kama tatizo limekuja polepole au kwa kasi. Ujue pia kwamba kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa kipofu iwapo jicho lake lililo bora zaidi haliwezi kuona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Kwa hiyo asiyeweza kuhesabu vidole katika umbali huo amefikia hali mbaya sana, hata kama bado anatembea uani mwake bila kujikwaa kwa sababu anaujua kwa moyo.

Kipimo cha pili kinahitaji ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Weka nukta nzito ya wino katikati, mvalishe mzee miwani yake ya kusomea, ashike ukurasa kama anavyoshika kitabu, afunike jicho moja, kisha aitazame nukta bila kuhamisha jicho. Akisema mistari imepinda, inacheza kama mawimbi, au kuna doa linaloficha sehemu ya miraba karibu na nukta, tatizo huenda liko katikati ya retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga.

Hatua ya 2: Sikiliza namna anavyolieleza giza lake

Usimuulize kama anaona au haoni. Muulize anachokiona kikoje, wapi panafifia, na ni saa ngapi za siku hali huwa mbaya zaidi. Majibu yake yatakusogeza karibu sana na jina la ugonjwa.

Anayesema anaona kama kupitia kioo chenye mvuke, kwamba rangi zimechuja, kwamba taa za magari usiku zinamchoma na kutawanyika, na kwamba jua kali la saa sita linamsumbua kuliko kivuli, yaelekea ana mtoto wa jicho. Hii ni lenzi iliyopoteza uwazi wake, nayo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Haiumi. Ikikomaa, mboni inayopaswa kuwa nyeusi huonekana nyeupe au ya kijivu. Usiichanganye na kinyama kinachoota kutoka kona ya jicho kuelekea kwenye kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele; kinyama hicho huwapata zaidi watu walioishi juani, upeponi na vumbini.

Glakoma ni jambo jingine, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Wengi huiita presha ya macho, na jina hilo limewapotosha watu kudhani kwamba mwenye presha nzuri ya damu hawezi kuwa nayo. Presha hizi mbili ni vitu tofauti, na kila moja ina kipimo chake. Katika glakoma, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya msukumo mkubwa wa majimaji ndani ya jicho. Kinachopotea kwanza ni pembeni, huku katikati kukibaki safi, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kusoma Msahafu au Biblia vizuri kabisa ilhali anagonga miimo ya milango kwa bega na kuangusha kikombe kilicho kando ya mkono wake. Hakuna maumivu katika aina iliyozoeleka zaidi, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Watu wenye asili ya Afrika huipata mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, miaka ya 1990 uliikuta kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea.

Anayesema uso wa mtu anayemtazama una doa katikati, kwamba anaona masikio na kilemba lakini haoni macho na mdomo, huenda ana ugonjwa wa kuchakaa kwa kitovu cha retina. Ugonjwa huu umeenea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini upo kwetu pia, na uvutaji wa sigara huuchochea. Aina yake kavu huenda polepole, ilhali aina ya majimaji, ambapo mishipa dhaifu ya damu huota na kuvuja, inaweza kuharibu jicho ndani ya wiki chache, nayo hutibiwa kwa sindano zinazorudiwa ndani ya jicho katika hospitali kubwa.

Mwenye kisukari ana njia yake mwenyewe: mishipa midogo ya retina huvuja na kuziba, na kwa muda mrefu hasikii chochote. Huyu asisubiri dalili. Apimwe retina kila mwaka tangu siku alipoambiwa ana kisukari cha ukubwani.

Kuhusu macho mekundu niseme jambo moja kwa uzito wote. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi ndani ya jiko lisilo na dirisha huwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi. Katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho yao ukatajwa kuwa ushahidi. Ukisikia maneno ya namna hiyo yakianza kunong'onwa mtaani kwenu kuhusu mzee yeyote, mkatize msemaji papo hapo na umweleze habari ya moshi.

Hatua ya 3: Zijue hali zisizongoja kesho

Jicho lililoona jana na halioni leo ni dharura, hata kama haliumi. Vilevile jicho linalouma vikali pamoja na kichwa, likawa jekundu, likaona duara za rangi kuzunguka taa, na mzee akatapika, laweza kuwa na glakoma ya ghafla, ambayo mara nyingi wagonjwa wake hutibiwa malaria au tumbo huku mshipa wa jicho ukifa. Anayeona cheche za mwanga gizani, vidoto vingi vipya vinavyoelea kama mbu, au pazia jeusi linaloshuka au kupanda upande mmoja, huenda retina yake inabanduka. Wote hawa waende hospitali siku hiyo hiyo, na mtaje neno jicho tangu mapokezi.

Hatua ya 4: Usitie kitu chochote kwenye jicho

Asali, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo na unga wa mizizi vimeharibu vioo vya macho ambavyo vingepona, na hakuna tone lolote, la kienyeji wala la dukani, linaloyeyusha mtoto wa jicho. Hatari isiyojulikana sana iko kwenye kichupa kinachouzwa kwa nia njema kabisa: matone yenye steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, huondoa wekundu na muwasho ndani ya siku mbili, na kwa hiyo mzee huyapenda na kuyanunua tena na tena. Yakitumiwa kwa wiki na miezi bila usimamizi, hupandisha msukumo ndani ya jicho hadi kuleta glakoma, na pia huleta mtoto wa jicho. Soma jina la dawa kwenye kichupa kilicho chini ya mto wa mzee wako leo.

Hatua ya 5: Panga safari ya hospitali

Anzia hospitali ya wilaya na uulize kama ina mtaalamu wa macho au siku maalumu ya kliniki ya macho. Akiona haja, atawaandikia rufaa. Kwa Tanzania, rufaa nyingi za macho huenda KCMC iliyoko Moshi, Bugando iliyoko Mwanza, Muhimbili na CCBRT zilizoko Dar es Salaam. Kwa Kenya, Hospitali ya PCEA Kikuyu imejulikana kwa huduma hiyo kwa miaka mingi. Sikilizeni pia matangazo ya kambi za macho kwenye redio, misikitini na makanisani.

Beba vichupa vyote vya dawa anazotumia, miwani yake ya zamani, kadi za kliniki ya kisukari au presha, na ile karatasi ya vipimo vya nyumbani. Beba kitambulisho kinachoonyesha umri, kwa sababu hospitali nyingi za umma Tanzania zina dirisha la wazee, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamewekewa utaratibu wa msamaha wa gharama. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo ya kuulizia.

Mzee atatiwa matone ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho pachunguzwe. Ataona ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utamuumiza, hivyo asiende peke yake, na mfuko usikose kofia au miwani ya jua. Kabla hamjatoka, hakikisheni mmejibiwa maswali matatu: ugonjwa huu unaitwaje, msukumo wa kila jicho ni kiasi gani (kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21), na mshipa wa fahamu wa jicho uko katika hali gani. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari.

Hatua ya 6: Fuata tiba ya ugonjwa wenyewe

Ikiwa ni mtoto wa jicho, tiba ni upasuaji, na hakuna haja tena ya kusubiri akomae kama wazee wetu walivyokuwa wakiambiwa. Wakati wa kumwondoa ni pale anapomzuia mtu kufanya kazi zake. Akiachwa akomae kupita kiasi, upasuaji huwa mgumu zaidi na jicho linaweza kupanda msukumo na kuuma. Mgonjwa hupigwa ganzi bila kulazwa usingizi, lenzi iliyochafuka hutolewa kupitia tundu dogo ambalo mara nyingi halihitaji kushonwa, na lenzi bandia huwekwa mahali pake, kazi ambayo kwa kawaida haifiki hata saa moja.

Wazee wengi huogopa kuwekewa plastiki ndani ya jicho, na ni haki yao kuuliza. Jibu lake lina historia ya kweli: wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila jicho kuvikataa, na tarehe 29 Novemba 1949 akaweka lenzi bandia ya kwanza ya plastiki ya aina hiyo katika jicho la mgonjwa huko London. Tangu hapo mamilioni ya watu wameishi na lenzi za namna hii hadi mwisho wa maisha yao.

Baada ya upasuaji, bandeji hutolewa kwa kawaida kesho yake, na matone hutumika kwa takriban wiki nne kama alivyoandika daktari. Mzee asisugue jicho, asibebe ndoo wala kuni, na maji ya kuoga yasiingie humo katika wiki za mwanzo. Anayeswali amuulize daktari namna ya kutawadha na kusujudu kwa siku hizo. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi au kuona kunakopungua baada ya kuwa kumerudi ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Ukungu ukirejea baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni utando ulio nyuma ya lenzi bandia, nao hufunguliwa kwa leza bila kisu.

Ikiwa ni glakoma, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu mgonjwa haoni faida ya dawa kwa macho yake. Matone hulinda kilichobaki, na huacha kulinda siku yanapoachwa. Wengine huhitaji leza au upasuaji. Mwambieni daktari kama mzee ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole, kwa kuwa timololi, moja ya matone yanayotumika sana, inaweza kumdhuru mtu huyo. Namna ya kutia nayo ina maana kubwa: nawa mikono, mlaze mzee chali, vuta kope ya chini ili iwe kama kifuko, dondosha tone moja bila ncha ya kichupa kugusa jicho, kisha afumbe taratibu kwa dakika moja au mbili huku kidole kikibonyeza kona ya ndani karibu na pua, ili dawa isishuke kooni. Kama kuna dawa ya pili, subirini dakika 5. Fungeni saa ya kutia dawa na jambo ambalo halisahauliki, kama sala ya alfajiri au taarifa ya habari ya usiku.

Hatua ya 7: Wapimwe na ndugu wa damu

Glakoma hutembea katika familia. Siku mzee anapoambiwa anayo, kila ndugu yake na kila mtoto wake aliyefikia miaka 40, au hata kabla ya hapo, akapimwe msukumo na mshipa wa jicho. Nimeona watoto wanamsindikiza baba kliniki kwa miaka mingi, wanakaa kwenye benchi lile lile la vipimo, na hakuna aliyewahi kuinua kidevu chake kwenye mashine.

Hatua ya 8: Ikiwa kuona hakutarudi, badilisha nyumba

Mtu aliyepoteza sehemu ya kuona kwake bado anaona kitu, na kazi yenu ni kukikuza hicho. Ugali mweupe uwekwe kwenye sahani ya rangi iliyokolea. Chai ya rangi imiminwe kwenye kikombe cheupe. Pakeni chokaa kwenye ukingo wa kila ngazi na kwenye kizingiti. Kiti chake kikae mgongo ukielekea dirishani, mwanga uangukie kazi yake badala ya macho yake. Ndoo, viti na viatu visiachwe njiani, na kila kitu chake kirudi pale pale alipokiacha, hata kama ninyi mnaona kingekaa vizuri kwingine.

Huenda akaanza kuona vitu ambavyo havipo: watoto wadogo wamesimama pembeni, maua ukutani, watu waliovaa nguo za rangi wakipita kimya. Hali hiyo huitwa kwa jina la Charles Bonnet, mtaalamu wa Uswisi ambaye mwaka 1760 aliandika maono ya babu yake aliyekuwa akipoteza kuona. Ubongo uliokosa picha kutoka machoni hujichorea zake. Mzee mwenye hali hii anajua, au akielezwa anaelewa, kwamba anachokiona si cha kweli. Hajawa mwehu na hajaingiwa na jini. Wengi hukaa kimya kwa miaka wakiogopa kupelekwa kwa mganga, kwa hiyo muulizeni ninyi kwanza, kwa upole, mkiwa wawili tu. Maono yakiambatana na kuchanganyikiwa au homa, hilo ni jambo jingine la kumpeleka hospitali.

Mkitembea, usimvute mkono wala kumsukuma mbele; mpe mkono wako aushike juu kidogo ya kiwiko, umtangulie nusu hatua, na umtajie ngazi kabla hamjaifikia. Ukiingia chumbani, mwamkie na ujitaje jina: "Shikamoo bibi, ni mimi Rehema." Na ukitoka, hata kama ni kwenda uani kwa dakika moja, mwambie kwamba unatoka, asije akaendelea kukusimulia habari zake ilhali kiti ulichokalia kimebaki kitupu.